Maradhi ya Kukatika Pumzi Usingizini, na Mashine ya Hewa

Katika nyumba nyingi kukoroma ni jambo la kuchekwa. Baba hukoroma usiku, watoto wakaigiza sauti yake asubuhi penye chai, naye mwenyewe akakana katakata kuwa yeye hakoromi. Hapana ubaya katika mzaha huo, wala si kila akoromaye ni mgonjwa. Lakini uko mkoromo ambao haufai kuchekwa, nao hautambulikani kwa ukubwa wa sauti bali kwa kile kimya kinachoukata. Mtu hukoroma kwa nguvu, mara sauti ikakatika kama uzi. Kifua chapanda na kushuka, lakini hapana hewa ipitayo. Zapita sekunde kumi, ishirini, pengine zaidi. Kisha hushtuka kwa mkoromo mkubwa, kama mtu aliyeopolewa majini, akajigeuza, na mambo yakaanza upya. Mwenyewe hajui lolote. Ajuaye ni mkewe aliye macho, ahesabuye kimya hicho kwa hofu.

Haya ni maradhi, nayo yana matibabu yanayojulikana. Mwezi huu twataka kuyaeleza, kwa kuwa tumeona wagonjwa wake wakipewa kila jina ila jina lao. Mtu husinzia katika darsa, akaambiwa imani yake ni dhaifu. Husinzia dukani, akaitwa mvivu. Husinzia mbele ya khatibu siku ya Ijumaa, watu wakatazamana. Wako hata wasemao kuwa jinamizi lamkaba usiku. Na akiwa dereva wa basi au lori, usingizi wake si wake peke yake. Ni wa abiria wote aliowachukua.

Asili ya maradhi yenyewe ni hii. Koo, pale nyuma ya ulimi, si bomba gumu. Ni njia ya nyama laini inayoshikwa wazi na misuli, na mtu alalapo misuli hiyo hulegea. Kwa wengi wetu ulegevu huo hauna madhara. Lakini kwa mwenye koo jembamba, au shingo nene, au taya dogo lililorudi nyuma, au mafindofindo makubwa, njia yaweza kuziba kabisa. Hewa safi hupungua katika damu, ubongo hupiga mbiu, mtu huzinduka nusu bila kujijua, na koo hufunguka tena. Madaktari huhesabu kila mara pumzi inaposimama kwa sekunde 10 au zaidi, pamoja na kila mara inapopungua sana. Mtu mzima akiwa na chini ya mara 5 kwa saa, hana neno. Kuanzia 5 ni maradhi mepesi, kuanzia 15 ni ya kati, na kuanzia 30 ni makali. Tafakari, ndugu msomaji, maana ya hiyo 30: ni kuzindushwa kila dakika mbili, usiku kucha. Mtu huyo hulala saa nane nzima, akaamka kama aliyekesha matangani.

Dalili nyingine ni kichwa kuuma asubuhi, kinywa kukauka, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, kusahau na kukasirika upesi. Shinikizo la damu hufuatana sana na maradhi haya. Wala si maradhi ya watu wachache: hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilikisia kuwa watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wanayo.

Ajabu ni kwamba, ingawa watu wamekoroma tangu zamani, uchunguzi wake ni wa juzi tu. Ilikuwa mwaka 1965 ambapo matabibu wa Ufaransa, na wengine wa Ujerumani, waliwapima watu wakiwa wamelala, wakaona wazi jinsi pumzi isimamavyo na kurudi. Dawa yake ikawa nzito kuliko wengi walivyoweza kuistahimili: mgonjwa alitobolewa tundu shingoni, chini ya pale panapoziba, akalifungua usiku ili apumue na kuliziba mchana ili aseme. Tundu hilo lilifaa kweli, lakini ni nani apendaye kuishi nalo?

Aliyeleta njia nyingine ni Colin Sullivan, tabibu wa Sydney katika Australia. Kabla yake alikuwa Toronto, Kanada, akichunguza pumzi za mbwa walalapo, na huko alikuwa amezoea kutengeneza vifuniko vya kuvisha pua za wanyama hao. Mwezi wa Juni 1980 alikuwa na mgonjwa mwenye maradhi makali, ambaye alishauriwa kutobolewa koo naye hakutaka. Sullivan akachukua mota ya kupulizia hewa, ya namna ile iliyo katika mashine za kufyonza vumbi, akaiunga kwa bomba na kifuniko cha pua, akampulizia mgonjwa hewa alipokuwa amelala. Alipozidisha nguvu ya hewa kidogo kidogo, koo lilifunguka na mkoromo ukakoma. Alipoipunguza, koo likaziba tena. Mgonjwa akazama katika usingizi ambao mwili wake ulikuwa na kiu nao kwa miaka. Mwezi wa Aprili 1981 habari za wagonjwa watano wa kwanza zilichapishwa katika jarida la udaktari la The Lancet la Uingereza. Mashine za siku zile zilikuwa kubwa zenye kelele, na kifuniko kiligandishwa usoni kila usiku kwa gundi. Waliozitumia walivumilia yote hayo, na uvumilivu wao watuonyesha jinsi usingizi mzuri ulivyo na thamani kwa aliyeukosa.

Mashine za leo hutoshea juu ya kimeza cha kitandani, na sauti yake ni ndogo. Hospitalini huitwa kwa herufi nne, CPAP. Ina kipulizio, bomba jepesi, na kifuniko ambacho siku hizi watu hukiita barakoa. Neno ambalo bibi zetu wa pwani walilijua kwa vazi jingine kabisa.

Wengi hudhani kuwa mashine hii yampa mgonjwa oksijeni, au kwamba yampumulia. Si hivyo. Huchukua hewa ile ile ya chumbani, ikaichuja na kuisukuma kwa nguvu ndogo isiyokoma, na mtu hupumua mwenyewe. Hewa hiyo husimama kooni kama nguzo na kuzuia nyama zisigusane. Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji, nayo kwa kawaida huwa kati ya 4 na 20. Hewa ituzungukayo sisi sote hutukandamiza kwa kadiri ya sentimita 1,033 za maji. Basi mashine iliyopangwa 10 huongeza kama sehemu moja tu katika mia. Kidogo hicho chatosha. Lakini barakoa ikivuliwa, nguzo huondoka na koo huziba tena usiku ule ule. Mashine hii si kama vidonge vya siku saba. Ni kama miwani: huona aliyeivaa, tena kwa muda ule aliouvaa.

Yafaa pia tuseme kweli juu ya isichokifanya. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu wazima zaidi ya 2,600, wenye maradhi haya pamoja na maradhi ya moyo au kiharusi. Waliopewa mashine hawakupungukiwa na mishtuko ya moyo wala viharusi kuliko wenzao. Kukoroma na kusinzia kwao mchana kulipungua, na hali ya nafsi zao ikawa njema zaidi. Lakini katika utafiti huo mashine ilivaliwa kwa wastani wa saa 3 na kitu tu kwa usiku, na hakika usiku una saa zaidi ya hizo. Basi anayekuambia kuwa chombo hiki chaponya moyo amezidisha, na anayesema hakina maana hajakaa na mtu aliyesinzia juu ya usukani.

Siku za kwanza ni ngumu, na wengi huiacha mashine katika siku hizo. Mtu huona anabanwa, pua hukauka, upepo humvuma machoni. Karibu kila moja ya taabu hizi ina dawa yake. Aanze kuivaa mchana akiwa macho, amekaa, akisoma au kusikiliza, mpaka uso uizoee. Ukavu hupungua kwa kichombo cha maji ya uvuguvugu kinachoungwa na mashine. Ndani yake yatiwe maji yaliyotokana na mvuke, si ya mferejini. Barakoa ioshwe kila siku na kichujio kibadilishwe kwa wakati wake. Hewa ikivujia machoni, barakoa haikumkaa sawa, na kukaza mikanda hakufai kama kubadili kipimo. Wenye ndevu wataona kuwa barakoa kubwa ifunikayo pua na kinywa huvujisha hewa kwenye ndevu. Hapana haja ya kunyoa kwa ajili hiyo. Iko namna ya vijimto vidogo vinavyoingia penye matundu ya pua tu, visivyogusa ndevu hata kidogo.

Kisha iko haya baina ya mume na mke. Mume huogopa kuonekana na bomba usoni, na mke huogopa kusema kuwa halali. Kwa maoni yetu mke ndiye shahidi wa kwanza wa maradhi haya, na mara nyingi ni yeye amfikishaye mumewe kwa daktari. Wala wanaume wasidhani kuwa jambo ni lao peke yao. Wanawake nao huugua, hasa wakikoma hedhi, ila wao huona haya zaidi kusema kuwa wanakoroma.

Twatahadharisha sana juu ya kununua mashine bila kupimwa. Kwanza, pumzi husimama kwa njia mbili: koo kuziba, au ubongo kukosa kutoa amri ya kupumua, na matibabu yake si mamoja. Mwaka 2015 ilidhihirika kuwa mashine ya namna nyingine, ile ibadilishayo nguvu yake pumzi kwa pumzi, iliongeza vifo kwa watu wenye moyo dhaifu ambao pumzi zao husimama kwa sababu ya ubongo. Pili, mashine kuukuu zina hatari zake. Mwaka 2021 kampuni moja kubwa ililazimika kuita mamilioni ya mashine zake, kwa kuwa sifongo ya kupunguzia sauti iliyokuwa ndani yaweza kumomonyoka na mgonjwa akaivuta. Anayeletewa mashine iliyotumika na jamaa aliye ng'ambo na ahakikishe namba yake kwanza. Na ambaye kwao umeme hukatika aulize habari za betri, kwani mashine nyingi zaweza kutumia betri usiku.

Si kila mgonjwa aihitaji. Kupunguza uzito huwafaa wengi, na kulala ubavu huwafaa wale ambao koo lao huziba walalapo chali. Vidonge vya usingizi huweza kulegeza koo zaidi, na pombe kadhalika, ambayo sisi tumekwisha kukatazwa. Kwa watoto wadogo sababu kubwa ni mafindofindo na vinyama vya nyuma ya pua, na mara nyingi huondolewa kwa upasuaji bila ya kufika kwenye mashine. Mtoto akoromaye kila usiku, apumuaye kwa kinywa, asiyetulia darasani au asinziaye juu ya juzuu yake, apelekwe kwa daktari kabla ya kuchapwa.

Limebaki suala la Ramadhani, ambalo wagonjwa huuliza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Jeddah mwaka 1997, liliitaja hewa ya oksijeni miongoni mwa mambo yasiyofunguza saumu. Nayo mashine hii, kama tulivyosema, yasukuma hewa ya chumbani tu. Mwenye kutaka kujihadhari na mvuke wa maji, azime kile kichombo cha maji mchana. Mashine hufanya kazi bila yake. Tena aivae katika kila usingizi, hata ule wa kailula. Desturi ya wengi ni kuivua waamkapo kula daku, kisha baada ya Alfajiri wakajitupa kitandani hivi hivi. Usingizi wa karibu na mapambazuko ndio wenye ndoto nyingi, na katika usingizi wa ndoto misuli hulegea zaidi, hata kwa wengi pumzi hukatika wakati huo kuliko usiku wa manane. Basi akirudi kulala, na arudishe barakoa usoni.