Ukiacha Kazi Upate Mkopo, Kadi ya Watoto Inakuwaje?

Kila mwaka, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, hujaa. Wengi ni vijana waliomaliza kidato cha sita, mkononi wana cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na fomu inayosubiri muhuri wa wakili. Lakini kwenye foleni hiyo hiyo huwamo mama mwenye mtoto mgongoni, na baba aliyeomba ruhusa ya saa moja kazini. Hao ndio ninaowaandikia leo, kwa sababu swali lao halijibiwi kwenye mabango ya vyuo: "Mwalimu, nikiacha kazi nikapata mkopo, kadi ya bima ya watoto inakuwaje?"

Michango ikikoma, kadi nayo inakoma. Hilo si jambo dogo, na linahitaji kufafanuliwa kabla mtu hajaandika barua ya kuacha kazi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Miongozo yake ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35, awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na kipato kinachotokana na ajira au mkataba rasmi. Baada ya hapo unapimwa uhitaji. Je, ni yatima? Ana ulemavu, au mzazi wake ana ulemavu? Anatoka kaya inayonufaika na TASAF? Ukivisoma vigezo hivyo kwa makini utaona kwamba karibu vyote vinamtazama mwombaji kama mtoto wa mtu. Mwombaji ambaye yeye mwenyewe ni mzazi, anayelisha watoto watatu na kumtunza mama mkwe, hana kigezo kinachomwona waziwazi.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 32 ni karani wa hesabu kwenye duka la jumla hapa Mwanjelwa. Stashahada yake ya uhasibu aliipata miaka mitatu iliyopita. Mume wake anaendesha bajaji, na wana watoto watatu. Mwajiri anamchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na ule wa bima ya afya, NHIF. Sasa anataka shahada, na hana haja ya kuhama mji: Taasisi ya Uhasibu (TIA) wana kampasi Mbeya, Chuo Kikuu Mzumbe vilevile. Umri unamruhusu, stashahada haijapita miaka mitano, kinachomzuia ni ajira tu. Kwa hiyo anafikiria kuacha kazi.

Tuanze na kinachoingia. Mkopo hugharamia ada, kwa kiasi kinachotegemea uhitaji wake, pamoja na vitabu, mafunzo kwa vitendo na fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wote wanaiita bumu. Mwaka 2023 bumu lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa mkupuo wa siku 60 hiyo ni shilingi 600,000. Kiwango hicho ni kimoja kwa kijana wa miaka 20 anayelala hosteli peke yake na kwa huyu mama anayerudi jioni kwenye nyumba yenye vinywa vitano.

Sasa tuangalie kinachotoka. Mshahara unakatika, hilo analijua. Asilolijua vizuri ni yanayofuatana nao. Kadi ya NHIF ya mwajiriwa humhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Akishasajiliwa chuoni atalipa mchango wa bima ya mwanafunzi, ambao kwa miaka mingi umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na bima hiyo inamhudumia yeye peke yake. Watu wanne waliokuwa wakitibiwa kwa kadi yake, yaani mume na watoto watatu, wanabaki nje siku ile ile anapoingia darasani. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, CHF, ulikuwa ukitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, ila huduma zake ni finyu kuliko za NHIF. Tangu ipite Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 mipango hii inabadilika, kwa hiyo kiwango cha leo kiulizwe ofisi ya kata au halmashauri, kisichukuliwe cha mwaka juzi kutoka kwa jirani.

Kuhusu NSSF nimesikia mengi ya kupotosha, hasa vijiweni. Watu husema: acha kazi, kachukue fao la kukosa ajira, likusukume mwaka wa kwanza. Fao hilo lipo kweli. Humpa mwanachama mwenye taaluma theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita, ikiwa amechangia angalau miezi 18. Lakini ni la aliyepoteza kazi. Aliyeandika barua mwenyewe ya kuacha hana haki nalo. Michango yake haipotei, inabaki kwenye akaunti yake. Kinachosimama ni hesabu ya miezi 180 inayohitajika ili mtu apate pensheni ya uzeeni. Anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, na ningemshauri afanye hivyo hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu miaka mitatu ya chuo bila mchango ni miezi 36 atakayoitafuta akiwa na umri mkubwa.

Mtumishi wa umma yuko mahali pengine kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali akipewa ruhusa ya masomo yenye malipo, mshahara wake unaendelea na bima inaendelea. Mkopo hapati, maana ni mwajiriwa, na ada atajitafutia. Hata hivyo, kwa mwenye familia, mara nyingi hiyo ndiyo njia salama zaidi, na ninasikitika kuona walimu wanaoondoka bila ruhusa kwa haraka ya kuwahi udahili. Kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa Mbeya kipo kwa ajili ya watu wa namna hii, wanaosoma huku wakiendelea na kazi.

Na yule wa biashara ndogo? Muuza mitumba wa Mwanjelwa hana mkataba wa ajira, hivyo sharti la ajira rasmi halimgusi. Linalomkwamisha ni lile la miaka mitano. Aliyemaliza kidato cha sita zamani, akazaa, akauza nguo kwa miaka kumi, cheti chake kimeshapitwa. Dawa ipo, ingawa ni ndefu: asome stashahada kwanza, maana miaka mitano huhesabiwa pia kuanzia stashahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali imeanza kukopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika fani za kipaumbele. Aangalie tu umri, kwa sababu akianza stashahada akiwa na miaka 33, atakapoimaliza mlango wa 35 utakuwa unafungwa.

Huyu muuza mitumba ana jambo jingine ambalo hakuna mwongozo unaoligusa. Yumo kwenye kikundi cha kukopeshana, na marejesho ya kikundi ni kila wiki. Bumu huja kwa mkupuo, na si mara zote huja siku iliyotarajiwa. Nimeona akina mama wakikopa kwa riba mtaani ili kufidia wiki tatu za marejesho, bumu likitoka lote linakwenda kwa mkopeshaji. Azungumze na wenzake wa kikundi mapema, wabadilishe ratiba au amalize deni kabla chuo hakijafunguliwa.

Kwa kaya za TASAF hofu ninayoisikia ni hii: mama akipata mkopo, ruzuku itakatwa? Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini huanza kwa wananchi wenyewe kutaja kaya zenye hali duni, kisha dodoso huangalia nyumba, mali na watu waliomo. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na mtoto wa shule ya msingi aliongezewa 2,000. Fedha za namna hii hazitoshi kumfanya mtu aache masomo kwa hofu ya kuzipoteza. Zaidi ya hayo, namba ya kaya ya TASAF ni ushahidi mzito wakati wa kuomba mkopo, na katika vigezo vyote ndicho ninachoona kinaweza kuitazama kaya ya mwombaji mwenyewe badala ya ya wazazi wake. Asiiache nyumbani.

Wenzetu wa Uingereza wamejaribu njia nyingine ya kumwona mwanafunzi aliye mzazi. Mzazi anayesoma anaweza kuomba ruzuku ya malezi ya watoto na posho maalumu ya wazazi, juu ya mkopo wa kujikimu. Lakini mkopo huo huhesabiwa kuwa kipato anapodai msaada wa serikali, na msaada hupungua. Nao wana malalamiko yao. Angalau fomu yao inauliza: una watoto wangapi? Yetu ingeuliza hivyo, Bodi ingejua ni wazazi wangapi wanaishi kwa 10,000 ile, na mjadala wa kuwaongezea ungekuwa na pa kuanzia.

Deni nalo lina uso mwingine kwa mwenye familia. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake, au si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, na huo ni unafuu mkubwa. Kijana wa miaka 23 huanza kukatwa kabla hajawa na ada ya shule ya kulipa. Karani wetu ataanza kukatwa mtoto wake wa kwanza akiwa sekondari.

Kwa hiyo kama ningekuwa nimekaa naye leo, ningemwomba asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajaiuliza Bodi kama anaweza kuomba akiwa bado kazini na kusubiri kiasi atakachopangiwa, halafu azungumze na mwajiri kuhusu tarehe. Likizo bila malipo asiifikirie kama njia ya mkato, maana mkataba bado upo na sharti la mkopo ni kutokuwa nao. Kabla kadi haijafa awapeleke watoto kwa matibabu yoyote yaliyokuwa yanasubiri, na kila mtoto awe na cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu bila hicho mume anaweza kukwama kuwasajili kwenye bima nyingine.