Kamari ya mtandaoni nchini Kenya

Kamari ya mtandaoni nchini Kenya ni biashara ya kuchezesha kamari kwa njia ya intaneti na simu za mkononi. Sehemu yake kubwa ni kubashiri (kwa lugha ya mitaani: kubeti) matokeo ya mechi za mpira wa miguu, hasa za ligi za Ulaya. Kwa muda mfupi sifa yake ilibadilika kutoka mfadhili wa michezo hadi biashara inayolaumiwa kwa madeni na uraibu wa vijana.

Chanzo

Kamari nchini iliendeshwa kwa leseni chini ya sheria ya mwaka 1966, iliyotungwa kabla ya kuwepo kwa intaneti. Hali ilibadilika baada ya Safaricom kuanzisha M-Pesa mwaka 2007. Mchezaji aliweza kuweka dau dogo na kupokea pesa za ushindi bila akaunti ya benki wala kutoka nyumbani.

Miaka ya umaarufu

Kampuni ya SportPesa ilianza mwaka 2014. Ilidhamini Ligi Kuu ya Kenya pamoja na klabu za Gor Mahia na AFC Leopards, na mwaka 2017 jina lake liliwekwa kwenye jezi za Everton ya Uingereza. Mwaka huohuo mchezaji mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri sahihi mechi 17.

Habari za namna hiyo zilifanya kubeti kuonekane kama ujuzi wa mpira. Lakini kila mechi ina matokeo matatu: timu ya nyumbani kushinda, sare, au timu ngeni kushinda. Hivyo mechi 17 zina michanganyiko zaidi ya milioni 129. Washindi walitangazwa; walioshindwa hawakutangazwa.

Kushuka kwa sifa

Wazazi, viongozi wa dini na wanasiasa walilalamika kwamba vijana walicheza kwa pesa za karo na za mikopo ya simu. Mwezi Januari 2018 kodi ya mapato ya kamari ilipanda hadi asilimia 35, na SportPesa ikasitisha udhamini wa michezo nchini. Klabu zilizoitegemea zilibaki na upungufu wa fedha. Baadaye mwaka huo kodi ilishushwa hadi asilimia 15.

Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, katika mvutano kuhusu kodi ya pesa za washindi. SportPesa ilifunga shughuli zake mwezi Septemba, na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Ilirudi sokoni mwaka 2020.

Sheria mpya

Mwezi Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30. Mwezi Agosti mwaka huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ilichukua nafasi ya ile ya 1966.