Seli Shina: Kwa Nini Kidonda Kimoja Hupona na Kingine Hubaki Wazi

Baridi inapozidi Mbeya na Iringa mwezi Juni na Julai, majiko ya mkaa huingizwa ndani, jambo ambalo ni hatari kwa hewa yake ya sumu hata moto usipomgusa mtu. Watoto nao huungua. Mmoja hupata ngozi mpya baada ya wiki mbili hivi. Mwingine kidonda chake hakifungi. Tofauti hiyo hutegemea kina cha jeraha, yaani kama seli shina zimesalimika au zimeteketea.

Seli shina ni seli ambazo bado hazijachukua kazi maalumu. Hujigawa, baadhi zikabaki kuwa akiba na nyingine kugeuka kuwa seli za ngozi, mfupa au damu. Watu wazima nao wanazo. Katika ngozi, hukaa tabaka la chini la ngozi ya juu na kwenye vishina vya nywele. Moto ukiishia juu, seli za vishina hivyo hupanda na kutandaza ngozi mpya. Vishina vikiungua, daktari hulazimika kuhamisha ngozi kutoka sehemu nzima, mara nyingi pajani. Kwa hiyo huduma ya kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ili joto lisizame zaidi. Dawa ya meno na majivu havisaidii.

Mfupa uliovunjika katika ajali ya bodaboda huungwa na seli za utando wake na za uloto. Moyo haukujaliwa hivyo. Msuli wake ukifa, hubaki kovu.

Uloto ndio hazina kubwa. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, hivyo uloto hauna likizo. Mwenye selimundu hutengeneza chembe zenye kasoro kwa sababu seli shina zake zina kasoro hiyo. Akipandikiziwa uloto wa ndugu unaolingana, damu mpya hutengenezwa bila ugonjwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Unga na vidonge vinavyouzwa kwa jina la seli shina ni jambo jingine kabisa. Seli hai haikaushwi ikamezwa, kisha ikafika gotini.

Mgonjwa wa selimundu huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au ya Kanda ya Mbeya, ambako hupimwa kama anastahili rufaa. Familia itaje watoto wote wa baba na mama mmoja, kwa kuwa kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kulingana naye.