Ngiri Inayolala na Mwenyewe

Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mbebaji mizigo huingia majini mpaka kiunoni, mfuko wa saruji wa kilo 50 begani, akapanda ubao unaoyumba hadi botini, kisha akarudi kuchukua mwingine. Baada ya miaka kadhaa ya kazi hiyo, wapo wanaoanza kuona kiuvimbe kinenani. Hakiumi sana. Mtu akikohoa kinatokeza, akikisukuma kwa kiganja kinarudi, akilala kinapotea chenyewe. Basi anajifunga kitambaa kiunoni, maisha yanaendelea.

Hiyo ni ngiri ya kinena, na si mzigo peke yake unaostahili lawama. Korodani za mtoto wa kiume huteremka kutoka tumboni kabla hajazaliwa, zikipita kwenye mfereji mwembamba kinenani, na mahali hapo hubaki dhaifu. Kunyanyua vizito, kikohozi kisichokoma, kujikamua chooni, hata tabu ya kukojoa ya mzee mwenye tezi dume iliyovimba, vyote husukuma utumbo kuelekea hapo hapo. Wanawake hawakusalimika, ila ni wachache.

Mtaani maelezo ni mengine. Dawa ya ngiri huuzwa ikiwa mizizi, unga au chupa, na muuzaji huahidi kwa mpigo kuponya tumbo linalonguruma, kiuno kinachouma na nguvu za kiume zilizopungua. Busha nalo, ambalo ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, hutiwa kapu hilo hilo. Pengine dawa hizo hutuliza gesi. Tundu kwenye ukuta wa misuli haliwezi kuzibwa kwa kunywa kitu. Halafu kuna hofu inayosemwa kwa kunong'ona, kwamba kisu kitaondoka na uanaume. Upasuaji wa kuziba tundu hilo kwa kawaida haugusi nguvu za kiume, na korodani kudhurika ni jambo la nadra.

Kungoja ndiko kwenye hatari kubwa. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 452 wa ngiri ya kinena. Asilimia 44.7 walikuwa wameishi nayo zaidi ya miaka mitano kabla ya kufika hospitali. Utumbo ukinaswa kwenye tundu, damu haifiki, na ndani ya saa chache tu sehemu iliyokabwa huanza kufa. Uvimbe unakuwa mgumu na haurudi, maumivu ni makali, mgonjwa anatapika, hapati choo wala hewa haitoki. Kwa mtu wa Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi ambako kwa miaka mingi njia iliyozoeleka ya kufika Kigoma mjini ilikuwa boti, saa chache si nyingi hata kidogo.

Ni rahisi kusema wagonjwa hawana elimu. Lakini mbebaji wa Kibirizi anajua hesabu yake vizuri: baada ya upasuaji ataambiwa asinyanyue vizito kwa wiki nne hadi sita, na analipwa kwa kila mfuko. Nani atalisha nyumba?

Upande wa gharama, habari njema imetoka Uganda. Wavu wa kuimarishia ukuta wa tumbo unaotengenezwa viwandani uligharimu kiasi cha dola 125. Katika Hospitali ya Misheni ya Kamuli, watafiti waliwagawa wanaume 302 katika makundi mawili: kundi moja wakawekewa wavu huo, la pili kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, cha dola moja hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mgonjwa mmoja tu wa kundi la chandarua, na tofauti kati ya makundi hayo haikuwa na uzito kitakwimu. Wote walipasuliwa kwa ganzi ya mahali penyewe, wakiwa macho. Asijaribu mtu kukata chandarua cha nyumbani, hasa kilichotiwa dawa.

Linabaki suala la muda, na hapo, angalau kwa wavuvi wenye ngiri, ziwa lenyewe lina nafasi. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Wavuvi walilalamika, na walikuwa na sababu. Hata hivyo, miezi mitatu ya nyavu kuanikwa inatosha mtu kupasuliwa, kupona na kurudi kuvuta kamba, na wahudumu wa afya wangeweza kupita Katonga, Kibirizi na Ujiji mapema, mwezi wa Aprili, kuandikisha majina.