Miji ya Bara Kame la Australia: Njia ya Chemchemi (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi wastaafu wa Australia wanavyofunga nyumba zao za pwani msimu wa baridi unapoingia, mwezi Juni, wakafunga karavani nyuma ya gari na kwenda bara kwa miezi kadhaa. Karavani, kwa msomaji aliyeikosa sehemu ya kwanza, ni trela lenye kitanda, jiko, tangi la maji na mara nyingi choo. Leo tunaifuata njia moja tu, ile ya vumbi na changarawe inayotoka Marree kupitia William Creek na Oodnadatta hadi Marla, katika jimbo la South Australia. Urefu wake ni takriban kilomita 620. Nimeichagua kwa sababu inajibu swali ambalo kila mgeni hujiuliza akifika huko: nani alifikiria kuweka mji mahali kama hapa?

Jibu liko chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya mashariki na katikati ya Australia imekaa juu ya hazina ya maji inayoitwa Great Artesian Basin, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 1.7, yaani karibu mara mbili ya Tanzania nzima. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Queensland huzama ndani ya mwamba wa mchanga, na mwamba huo umebanwa juu na chini na tabaka zisizopitisha maji. Maji hayo husafiri taratibu mno kuelekea kusini-magharibi, na wataalamu wanakadiria kuwa baadhi yake yana umri unaozidi miaka milioni moja. Yakifika ukingoni mwa bonde, pale mwamba ulipopasuka, shinikizo huyasukuma juu yenyewe, bila pampu. Madini yaliyomo huganda pale yanapotokea na kujenga kichuguu, kizazi baada ya kizazi. Ukisimama juu ya ile chemchemi iitwayo The Bubbler, magharibi mwa Marree, unaona mchanga wa chini ukiinuliwa na povu, ukatanda, ukashuka, kisha ukainuliwa tena. Pande zote zinazokuzunguka hakuna mti.

Chemchemi hizi zimejipanga kwa mstari, na Waarabana, wenyeji wa nchi hiyo, waliujua mstari huo kwa maelfu ya miaka. Walisafiri na kufanya biashara kwa kutoka maji hata maji. John McDouall Stuart alipokuja kupeleleza njia ya kaskazini mwaka 1859 alizifuata chemchemi zizo hizo, na mwaka 1862 akafika bahari ya upande wa pili. Vitabu vya shule humsifu yeye. Mimi naona sifa ya kwanza ni ya wale waliokwisha kujua maji yalipo.

Baada ya Stuart, kila kilichofuata kilipita palepale. Waya wa telegrafu uliosimamiwa na Charles Todd ulikamilika mwaka 1872 na kuiunganisha Adelaide na London. Kisha ikaja reli, kwa kuwa injini za mvuke zina kiu kuliko ngamia. Ilifika Marree katika miaka ya mwanzo ya 1880, Oodnadatta mwaka 1891, na Alice Springs mwaka 1929. Treni yake ndiyo iliyoitwa Ghan.

Marree ilinawiri kwa sababu mizigo ilishushwa pale. Kutoka stesheni, unga, chai, mabati na nyaya vilibebwa na ngamia hadi kwenye mashamba ya mifugo yaliyokuwa mbali na reli, na sufu ya kondoo ikarudi kwa njia hiyohiyo. Wachunga ngamia walikuwa Waislamu kutoka Afghanistan, Punjab na Baluchistan. Wabulushi hao ni ndugu wa wale waliofika Mombasa na Unguja kama askari wa masultani wa Oman, na wajukuu wao tunao hadi leo. Huko Marree walijenga msikiti wa udongo, mmoja wa misikiti ya kwanza katika bara lile, wakapanda mitende. Reli iliukata mji pande mbili: Wazungu upande mmoja, wachunga ngamia na wenyeji upande wa pili. Mgeni anayepiga picha ya msikiti uliojengwa upya kwa ukumbusho aelezwe na hilo pia, maana watu hao ndio waliolisha nchi nzima ya ndani, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 ikawafungia mlango wenzao.

Malori yaliwaondoa ngamia sokoni. Mafuriko nayo yaliiandama reli, kwa kuwa ilipita mabondeni. Madaraja yalisombwa na abiria wakakwama siku kadhaa. Mwaka 1980 njia mpya ilifunguliwa magharibi zaidi, na ile ya zamani ikafungwa. Miji ya njia hii ikapoteza kazi iliyoianzisha.

Mji mmoja ulikuwa umekwisha kufa kabla ya hapo. Farina uko kusini kidogo ya Marree, ulianzishwa mwaka 1878 na watu walioona mvua nzuri za miaka michache wakaamini ngano itaota. Mpimaji wa ardhi George Goyder alikuwa amekwisha kuchora mstari mwaka 1865, akaonya kwamba kaskazini mwake kilimo hakitegemeki. Farina uko mbali kaskazini ya mstari huo. Ukame ulirudi, watu wakahama, ukabaki mji wa kuta za mawe zisizo na paa. Sasa kila msimu wa baridi watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu wenye karavani, huja kuzitengeneza kuta hizo. Oveni ya zamani iliyo chini ya ardhi huwashwa kwa kuni, mikate na pai huokwa humo kwa wiki kadhaa, na wasafiri hupanga foleni. Mapato hurudi kwenye ukarabati.

Nimeieleza Farina kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu ndipo panapoonekana msafiri anavyoweza kuufaa mji. Mji mdogo hauishi kwa kupitiwa. Kuna wanaojaza friji na matangi mjini Port Augusta kabla ya kuanza safari, wakalala bure kando ya barabara, wakatumia maji na jalala la mji, wakaenda zao huku wakinung'unikia bei ya mafuta. Bei hiyo ni ya haki: dizeli imeletwa kwa lori mamia ya kilomita, na anayeiuza hana wateja miezi ya joto. Joto lenyewe si la mchezo. Oodnadatta ilipimwa nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Kujaza tangi pale na kula chakula cha jioni kwenye hoteli ndiko kunakofanya taa za mji ziendelee kuwaka.

Kwa upande wa njia yenyewe, mwenye karavani husimama Marree kusoma ubao wa hali ya barabara. Mvua ikinyesha, udongo hugeuka utelezi na njia hufungwa. Anayeipita ikiwa imefungwa hutozwa faini kubwa, na matairi yake huacha makorongo ambayo jua hukausha yakawa kama saruji. Njia ikiwa wazi, mwenye karavani hupunguza upepo wa matairi ya gari na ya trela, huenda polepole, na hufunga kila mlango wa kabati, maana mitetemo ya barabara hufungua skrubu zenyewe. Akifika Coward Springs hupata kivuli cha mitende na kidimbwi cha maji vuguvugu kilichozungushiwa mataruma ya reli ya zamani. William Creek ni hoteli, uwanja wa ndege na nyumba chache. Ndege ndogo hupaa hapo kulizungukia ziwa Kati Thanda–Lake Eyre, ambalo kwa kawaida ni chumvi tupu na hupata maji mengi hasa pale mafuriko ya Queensland yanapolifikia, kama ilivyokuwa mwaka 2025. Waarabana wanaomba watu wasikanyage sakafu ya ziwa hilo, na ombi hilo liheshimiwe.

Maji ya bonde lile la chini ya ardhi yanachotwa pia na mgodi wa Olympic Dam tangu miaka ya 1980, na Waarabana wamesema mara kwa mara kwamba wanahofia chemchemi zao. Hofu hiyo ina msingi: visima vingi vilivyochimbwa zamani viliachwa vikimwaga maji ovyo kwa miongo, na shinikizo likashuka. Serikali zimetumia fedha nyingi kuviziba.

Juma lijalo tutatoka Marla tushike lami kwenda Coober Pedy, mji wa wachimba opali, ambako watu wamelikimbia joto kwa kuishi ndani ya mwamba.