Nyota za mtandaoni zaamua hatima ya vitabu, wasomaji wa Katuba wabaki pembeni

Mtu akimaliza kusoma riwaya huko Katuba, moja ya komine saba za Lubumbashi, maoni yake huishia kwa jirani, kwa mwalimu au kwa rafiki aliyemwazima kitabu. Mtu akimaliza riwaya hiyohiyo Paris au Dallas, hufungua simu, hukipa kitabu nyota tatu au tano, na maoni yake huingia kwenye hesabu.

Tofauti hiyo si ndogo, kwani baadhi ya riwaya zinazopimwa kwa nyota hizo zinasimulia maisha ya Lubumbashi yenyewe.

Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na sasa anaishi Graz, Austria. Riwaya yake ya kwanza, Tram 83, ilichapishwa Paris mwaka 2014 na kampuni ya Métailié. Inasimulia usiku wa baa katika mji wa migodi, wachimbaji, wanafunzi na watalii wakigombania faida. Mwaka uliofuata Deep Vellum, mchapishaji mdogo wa Dallas, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya Roland Glasser.

Sifa na lawama

Kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015 na kuingia katika orodha ya awali ya Man Booker International mwaka 2016. Lakini mtandaoni kilizua mabishano makali. Baadhi ya wahakiki wa Kiafrika, akiwemo Mnigeria Ikhide Ikheloa, walikikosoa kwa jinsi kinavyowachora wanawake. Wengine walikitetea, wakisema mwandishi anaonyesha ukatili wa uchumi wa migodi, hausifu.

Mabishano hayo hayakukizamisha kitabu. Riwaya yake ya pili, La Danse du Vilain, ilitoka mwaka 2020. Sehemu yake kubwa inatokea Lubumbashi, miongoni mwa watoto wa mitaani, katika miaka ya mwisho ya Mobutu. Tafsiri yake ya Kiingereza ilifika fainali ya tuzo ya kitaifa ya vitabu Marekani mwaka 2024, katika kundi la vitabu vilivyotafsiriwa.

Si kila mwandishi hupita salama. Juni 2023, Mmarekani Elizabeth Gilbert aliahirisha bila kikomo riwaya yake The Snow Forest, inayotokea Siberia. Mamia ya watu walikuwa wameipa nyota moja kwenye mtandao wa Goodreads wakipinga kuchapishwa hadithi ya Urusi wakati wa vita vya Ukraine. Kitabu kilikuwa hakijatoka.

Desemba mwaka huohuo, mwandishi Cait Corrain alikiri kufungua akaunti bandia na kuwashushia nyota waandishi wenzake. Mchapishaji wake, Del Rey, alifuta kitabu chake.

Kwa nini mchapishaji anajali

Goodreads, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2013, inaruhusu kitabu kupewa nyota hata kabla ya siku ya kutoka. Ndiyo sababu wachapishaji hugawa nakala za mapema kwa wasomaji, wakitumaini maoni mazuri yatatangulia mauzo.

Upepo unaweza pia kuvuma upande wa mwandishi. It Ends with Us ya Colleen Hoover, iliyotoka mwaka 2016, ilipanda chati za mauzo miaka mitano baadaye kwa sababu ya video za wasomaji kwenye TikTok.

Hadhira ya Katuba

Lubumbashi si mgeni wa hukumu ya hadhira. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilijipatia jina kwa michezo ya Kiswahili isiyosomwa kutoka kwenye karatasi, na watazamaji walitoa uamuzi wao papo hapo kwa kicheko au kwa kunyamaza.

Kwa vitabu, hukumu hiyo haisikiki mbali. Riwaya iliyochapwa Paris huuzwa kwa bei ya euro, na anayetaka kuandika maoni anahitaji mega kwenye simu. Nakala moja ikipita mikononi mwa watu kumi, mtandaoni inaweza isionekane hata kwa msomaji mmoja.

Matokeo yake, swali la kama watoto wa mitaani wa Lubumbashi wamechorwa kwa haki au la hujibiwa zaidi na watu ambao hawajawahi kukutana nao. Msomaji wa Katuba aliyepishana nao sokoni angeweza kusema mwandishi amepatia wapi na ametia chumvi wapi.

Mtandao wa Kifaransa wa Babelio, ulioanzishwa mwaka 2007, uko wazi kwa yeyote anayejisajili. Sentensi tano za mtu aliyesoma kitabu na anayeujua mji hazitabadili wastani wa nyota. Lakini mchapishaji anayepima muswada mwingine kutoka Lubumbashi angeona kwamba kitabu kina wasomaji kulikotokea hadithi yake.