Meli ya doria Topaz na tozo ya usalama kwenye mzigo wako

Wafanyabiashara walioagiza mizigo kutoka Asia kupitia Mombasa na Dar es Salaam wakati uharamia wa Kisomali ulipopamba moto wanaikumbuka tozo ya ziada ya usalama. Mwenye meli alilipa zaidi kwa bima ya hatari za vita na kwa walinzi wenye silaha, kisha gharama hiyo ikashushwa kwa mwenye mzigo. Historia ya meli ya doria Topaz, ya walinzi wa pwani wa Shelisheli, inaonyesha kinachohitajika ili hatari hiyo ipungue.

Topaz ilijengwa Kolkata, India, na kuanza kazi mwaka 2001 katika jeshi la majini la nchi hiyo kwa jina la Tarmugli. Mwaka 2005 India iliitoa kama zawadi kwa Shelisheli. Ni meli ndogo, yenye urefu wa mita 46 hivi. Hata hivyo, eneo la kiuchumi la bahari la Shelisheli lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, ukubwa unaoizidi Tanzania.

Kuanzia mwaka 2008, manowari za kimataifa zilipojaa Ghuba ya Aden, maharamia walihamia kusini na mashariki. Desemba 2009 waliishambulia Topaz yenyewe. Watu 11 walikamatwa, na Julai 2010 mahakama ya Shelisheli iliwahukumu kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Hukumu hiyo ilikuwa na uzito. Wakati huo maharamia wengi waliokamatwa waliachiwa kwa kukosa nchi ya kuwashtaki. Kenya ilikubaliana na Umoja wa Ulaya mwaka 2009 kuwashtaki, lakini mwaka 2010 ikatoa taarifa ya kujitoa, ikilalamikia mzigo mkubwa kwa mahakama na magereza yake.

Machi 30, 2010 Topaz ililifukuza jahazi la Iran lililotekwa. Ilipiga risasi injini, jahazi likawaka moto na waliokuwemo wakajitosa majini. Mateka 27 waliokolewa, Wairani 21 na Washelisheli sita. Ikiwa njiani kurudi, Topaz ilishambuliwa tena. Ilijibu na kuzamisha chombo kikubwa cha washambuliaji pamoja na boti moja.

Miaka karibu 14 baadaye, Januari 29, 2024, meli hiyo hiyo iliizuia boti ya uvuvi ya Sri Lanka, Lorenzo Putha 4. Wavuvi sita waliokolewa na maharamia watatu wakajisalimisha.

Tarehe hiyo ina funzo. Sekta ya meli ilikuwa imeondoa alama ya eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi Januari 1, 2023, na kabla mwaka huo haujaisha utekaji ukarejea. Isitoshe, kamati ya soko la bima la London ina orodha yake tofauti ya maeneo ya hatari, na hiyo ndiyo inayoangaliwa na watoa bima.

Kwa hiyo ukiona tozo ya usalama kwenye ankara, muulize wakala wa meli mambo matatu: inatokana na orodha ipi, imeanza tarehe gani, na itapitiwa upya lini. Uliza kabla ya kuthibitisha nafasi ya mzigo, kwa sababu meli ikishang'oa nanga utabaki na kazi ya kulipa tu.